Nusu kidonge cha mwanao

Tanga, Alhamisi usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto na baba yao, na kwamba mnalivumilia joto la Maskati. Huku kwetu kipupwe kimeanza, asubuhi watoto wanakwenda shule wamevaa sweta, na mama mkwe ameshatoa lile shali lake la kijani unalolijua.

Sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nililia. Ya pili nilikasirika. Ya tatu ndipo nilipogundua kwamba hakuna ulilolisema ambalo sijawahi kulisema mimi mwenyewe, tena kwa maneno makali kuliko yako. Usimpe mtoto dawa za vichaa. Zitamlevya. Akizizoea haachi. Na lile ulilolisema kwa sauti ya chini, kwamba umesoma dawa hizi huwatia watoto fikra za kujiua. Sikutaka kukujibu kwa simu kwa sababu nikiwa kwenye simu mwanangu, ambaye ni mwanao pia, hukaa karibu yangu, na sipendi asikie akijadiliwa kama mtu asiyekuwapo. Ndiyo maana naandika. Tumeamua kumpa dawa. Alianza Jumatatu ya wiki iliyopita. Nataka ujue tulivyofika hapo, usije ukadhani nimechoka nikatafuta njia ya mkato.

Ulimwona mara ya mwisho kwenye arusi ya mdogo wako. Alikuwa na miaka minane, na ulimsifu kwa usafi. Nakumbuka ulisema, "Huyu ataoa mke mwenye bahati." Sasa ana miaka kumi na moja, na mikono yake imepasuka kama ya watu wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Ilianzia kwenye udhu. Ustadhi wa madrasa ndiye aliyeona kwanza: wenzake wanamaliza, wanaingia msikitini, yeye bado yuko kwenye bomba. Akifika kichwani anahisi mguu haukupata maji, anaanza upya. Akitamka nia anahisi hakuitamka sawasawa, anaanza upya. Dakika kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa arobaini. Halafu ikatoka kwenye udhu ikaingia kila mahali: kitasa cha mlango, ndala za mgeni, daftari lililoangukia sakafuni, mkono wa mdogo wake.

Na maswali, shoga yangu. "Mama, nimegusa? Mama, una hakika? Mama, sema wallahi." Siku moja nilihesabu tangu magharibi mpaka alipolala. Aliniuliza mara sitini na moja, na mara zote sitini na moja nilimjibu kwamba nina hakika. Niliona ndiyo huruma ya mama.

Tulianza kule ambako wewe pia ungeanzia. Kisomo, kombe, mafuta ya kusomewa. Sijutii hata kimoja, na dua siachi mpaka leo. Lakini nikueleze habari ya shehe mmoja mzee wa Ngamiani, kwa sababu yeye ndiye aliyetupeleka hospitali, ingawa jamaa wanadhani tumemwacha Mungu tukafuata wazungu. Alimsikiliza mtoto peke yake karibu saa nzima. Kisha akamwambia mbele yetu: Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, aliosha viungo mara moja, mara mbili, mara tatu, wala hakuzidisha. Baada ya ya tatu, shaka ikija, usiijibu. Akamkumbusha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi anaijua, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtoto akaitikia, akaahidi, na jioni ile ile akarudia udhu mara kumi na nne huku analia. Nilipomrudia shehe na habari hiyo hakumlaumu. Alisema, "Huyu hukumu anaijua. Asichoweza ni kuitii. Kwa hiyo tatizo si elimu yake wala imani yake." Akatuambia kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuuweka wasiwasi wa namna hii miongoni mwa magonjwa ya nafsi yanayotafutiwa tiba. "Mtafutieni daktari," akasema, "na mimi nitaendelea kumwombea."

Neno letu la wasiwasi limechakaa, ndiyo maana watu hawaelewi ninapowaambia. Mtu akisubiri matokeo ya mtihani ana wasiwasi. Akichelewa basi ana wasiwasi. Huu wa mwanao madaktari wanauita OCD, na una sehemu mbili: fikra inayojiingiza kwa nguvu bila kualikwa, na tendo ambalo mtu analazimika kulifanya ili hofu ya ile fikra itulie. Hutulia kidogo, kisha hurudi na njaa zaidi.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu yeyote ila daktari, na sasa wewe. Mwezi wa kumi na mbili niliona visu vya jikoni havipo. Nikavikuta vimefungwa kwenye khanga, nyuma ya tangi la maji. Nilipomuuliza aliniangukia miguuni. Alisema kuna kitu kichwani kinamwambia atamchoma mdogo wake. Mdogo wake yule anayemgawia nusu ya kila andazi. Alikuwa hajalala chumba kimoja naye kwa wiki mbili, na mimi nilidhani anakimbia kelele. Usiku ule nilikaa mlangoni kati ya vyumba viwili mpaka alfajiri, sijui namlinda nani.

Daktari wa afya ya akili kule Dar, mama mtu mzima mwenye sauti ya pole, ndiye aliyenitua mzigo huo. Alisema ugonjwa huu huchagua kile mtu anachokipenda kuliko vyote na kukishambulia hapo hapo. Mwenye kupenda ibada hushambuliwa kwenye ibada, mwenye kumpenda mdogo wake hushambuliwa kwa mdogo wake. Mtoto anayezikimbia fikra hizo kwa hofu na kuficha visu hana nia ya kumdhuru mtu. Nilimbusu yule mama mkono, nikasahau kabisa kwamba ni daktari.

Alimpima kwa maswali yenye alama kuanzia sifuri mpaka 40. Ishirini na nne kupanda juu ni hali kali. Mwanao alipata 29. Akatuuliza mengi ambayo sikuyatarajia: kama ilianza ghafla baada ya homa ya koo, kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kupanda sana furaha na kukosa usingizi siku nyingi, kama kuna mwingine mwenye tabia za kurudia rudia. Tukasema hakuna. Tuliporudi Tanga nilipomsimulia mama mkwe, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Marehemu kaka yangu alikuwa akifunga mlango anafungua, anafunga anafungua, mpaka jogoo wa kwanza. Tukasema amerogwa." Miaka hamsini jambo hilo halijatajwa nyumbani. Mume wangu ndiyo kwanza analisikia. Ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, hasa unapoanza utotoni, na mzee yule alizikwa nao akiitwa mtu wa majini.

Sasa usidhani tuliandikiwa vidonge siku hiyo. Tulianza na mazoezi, miezi minne kamili, Februari mpaka Mei, kwa mwanasaikolojia wa hospitali hiyo hiyo. Kila wiki mbili tunapanda basi alfajiri, tunarudi usiku, na katikati anatupigia simu. Mazoezi yenyewe ni ya kukabili kile anachokiogopa na kujizuia asioshe, asiulize, asirudie, mpaka hofu ichoke yenyewe. Wanaandika ngazi, kuanzia jambo dogo mpaka kubwa. Ngazi ya kwanza, aguse kitasa cha chumba chetu, akae dakika tano bila kunawa. Ya mwisho ilikuwa amkatie mdogo wake papai kwa kisu.

Na sisi wazazi tulikuwa na mazoezi yetu. Yule mwanasaikolojia aliniuliza taratibu ni mambo gani ninayoyafanya kumsaidia. Nikataja kwa fahari: namfungulia milango, nafua nguo zake mara mbili, sabuni yake iko peke yake, mdogo wake nimemkataza kumgusa, na maswali yake nayajibu yote bila kuchoka. Akasema, "Mama, kila jibu ni tonge moja, na anayeshiba si mtoto." Maneno hayo yaliniuma kuliko jambo lolote katika safari hii. Miaka miwili nilikuwa naulisha ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe nikidhani namlisha mwanangu. Tangu siku hiyo akiuliza namjibu, "Hilo ni swali la wasiwasi, mimi na wewe hatulijibu." Mara za mwanzo alipiga kelele majirani wakaja kugonga.

Alijitahidi. Nataka ulijue hilo kabla hujaniambia kwamba ningemtia moyo zaidi. Alipanda ngazi ya kwanza, akapanda ya pili. Kwenye ya tatu, kushika ndala ya mgeni kisha kula andazi, alitapika. Tukarudia wiki iliyofuata, akatapika tena. Wiki ya tatu alijifungia chooni tulipotaja tu. Mwishoni mwa Mei alipimwa upya akapata 27. Alama mbili kwa miezi minne, na alikuwa amepungua kilo tatu.

Hapo ndipo daktari alipolitaja suala la dawa. Nikamuuliza kila kitu, nilikwenda na daftari. Alinieleza utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, wa watoto 112 wenye umri wa miaka 7 hadi 17, waliogawanywa mafungu manne kwa wiki 12. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, waliofikia kupona karibu kabisa ni kama 4 katika mia. Waliopewa dawa ya sertralini peke yake, 21. Waliofanya mazoezi peke yake, 39. Waliopata vyote viwili, 54. Nilizitazama namba hizo usiku kucha ndani ya basi. Ukiziangalia vizuri, zinakupa haki wewe kwa upande mmoja: kidonge peke yake si kitu cha kukitegemea, na kama angeniambia tumpe dawa tuache mazoezi ningekataa mpaka leo. Lakini mwanao mazoezi yalikuwa yamemkwamia kooni, na wale waliopata vyote viwili ndio waliofika mbali zaidi.

Baba yangu, Mungu amrehemu, unakumbuka alivyotufundisha kuogelea. Hakukubali kabisa tuingie wakati wa bamvua, maji yanapokwenda kwa nguvu. Alisubiri maji mafu. Kuogelea ni kule kule, mikono ni yetu wenyewe, lakini mkondo unakuwa umelegea kiasi cha mtoto kuweza kujifunza. Nilipomweleza daktari hivyo alisema ndivyo hasa dawa inavyotarajiwa kufanya. Haimwogelei.

Sasa nije kwenye hofu yako kubwa, ambayo ni yangu pia na sitaki kuipunguza hata chembe. Ni kweli. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za kundi la sertralini, zile za kutibu sonona, ziandikwe onyo zito kuliko yote kwenye maelezo yake. Walikusanya majaribio 24 ya watoto na vijana zaidi ya 4,400, wakaona waliopewa dawa, kama 4 katika mia, walipata fikra au vitendo vya kujidhuru, na waliopewa kidonge kitupu ni 2 katika mia. Katika majaribio hayo hakuna aliyejiua. Daktari hakunificha, yeye ndiye aliyelianzisha jambo hilo kabla sijauliza, na kwa sababu hiyo nilimwamini. Alisema hatari iko zaidi wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, na kinga yake ni macho. Kwa hiyo tumepanga macho. Mimi asubuhi, mama mkwe mchana, baba yake usiku, na mwalimu wake wa darasa ameambiwa. Tunaangalia kama hatulii, kama amekosa usingizi, kama amekuwa na hasira asiyokuwa nayo, kama anazungumzia kufa. Tukiona hata kimoja tunapiga simu siku hiyo hiyo. Na chupa ya dawa iko kwenye kabati lenye ufunguo, ufunguo uko shingoni mwangu.

Kuhusu kuzoea: hazileti ile kiu ya mlevi. Ila haziachwi ghafla, kwa sababu mtu hupata kizunguzungu na kukosa raha. Akiwa salama kwa muda wa kama mwaka, zitapunguzwa pole pole. Na si majaribio juu ya mwanangu. Sertralini imeruhusiwa Marekani kwa OCD ya watoto tangu miaka sita, na kuna nyingine, fluoksetini, tangu miaka saba.

Aliyekataa zaidi yangu na yako alikuwa mume wangu. Watu wa hapa, ukitaja daktari wa akili, mawazo yao yanakwenda Lutindi moja kwa moja, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na yeye alisema hataki mwanawe aitwe mtu wa Lutindi akiwa darasa la tano. Wiki nzima hatukuzungumza vizuri. Kisha ikaja Idd el-Haji. Mwanao aliingia bafuni kuoga kabla ya alfajiri. Baba yake alikuwa amemshonea kanzu mpya, amesimama nayo mlangoni imekunjwa mkononi. Takbira zinasikika kutoka msikitini, majirani wanapita na watoto wao, yeye kasimama. Sala ikasaliwa. Hotuba ikaisha. Watu wakaanza kurudi. Mtoto akatoka ametetemeka, midomo ya bluu, akasema, "Baba, nisamehe. Nilitaka kutoka nikashindwa." Mume wangu alikaa pale pale kizingitini na kanzu mapajani. Hajawahi kukosa sala ya Idd tangu nimjue. Jioni aliniambia, "Kata tiketi za Dar."

Lakini neno la mwisho alikuwa nalo mwanao mwenyewe, na swali lake hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Alimuuliza daktari: "Nikinywa hiyo dawa, nitakuwa mchafu halafu nisijali?" Unaona hofu yake ilipo? Sisi tunaogopa atalewa. Yeye anaogopa ataacha kuogopa, na akiacha kuogopa nani atailinda sala yake, nani atamlinda mdogo wake? Daktari hakucheka. Alimjibu kwamba dawa haiwezi kumwondolea anachokipenda, na kwamba kama siku yoyote akijiona si yeye, amwambie, na wataangalia upya pamoja. Mwanao akafikiri, akasema, "Basi tujaribu."

Tumeanza na nusu ya kidonge cha sertralini cha miligramu 50, asubuhi baada ya chai. Siku ya kwanza aliniomba nikioshe kidonge. Nilikataa, shoga yangu, mikono ikinitetemeka. Ilimchukua dakika arobaini kukimeza. Siku ya tatu tumbo lilimuuma, na kichwa kidogo. Tumeambiwa huwa hivyo mwanzoni na hupita. Leo alimeza kwa dakika kumi na tano. Hiyo si kazi ya dawa, kwa ugonjwa huu daktari alisema tusitegemee kuona mengi kabla ya wiki kumi au kumi na mbili. Hiyo ni kazi yake mwenyewe.

Ninakuomba mambo mawili. Usinitumie dawa kutoka huko, hata zikiwa bora. Dozi inapangwa na daktari wake na hatutaki kuchanganya. La pili ni gumu zaidi. Ukipiga simu Ijumaa, mwanao atakuuliza, "Mama mkubwa, una hakika simu yako ni safi?" Najua moyo wako, utataka kumjibu ndiyo mara moja. Usimjibu. Mwambie hilo ni swali la wasiwasi, kisha muulize habari za mpira, za Coastal Union, atakusimulia mpaka salio likuishie. Atanyamaza kwanza, labda atalia. Subiri naye tu kwenye simu.

Nisalimie wanao wote, na baba yao. Mama mkwe anakusalimu, anasema ule udi uliomletea umekwisha. Wembe wa kukatia kidonge nimeuweka kwenye kisahani, na nusu ya kesho imefungwa kwenye kikaratasi ndani ya kabati.

Wako daima,
Shoga yako